Usiilaumu Jakaranda: Mvua Ndiyo Kalenda ya Mzio Nairobi

Kila mwaka, kati ya Septemba na Novemba, Barabara ya State House, University Way na mitaa mingi ya Kilimani, Lavington na Kileleshwa hugeuka zambarau. Ni msimu wa jakaranda. Wakati huohuo wakazi wengi hupiga chafya, hufikicha macho na kuulaumu mti huo. Wengine hata hutaka ukatwe. Ukweli ni kwamba jakaranda inasingiziwa. Somo hili linaeleza ni mimea ipi huleta mzio, ni miezi ipi ya kujihadhari, na hatua za kuchukua kabla chafya haijageuka shambulio la pumu.

Chavua husafiri vipi?

Chavua ni unga laini wa uzazi wa mimea. Mimea huusafirisha kwa njia mbili kuu. Ile yenye maua makubwa ya kupendeza huwategemea nyuki na wadudu wengine. Chavua yake ni nzito, hunata, na haipeperuki mbali. Jakaranda, mti wenye asili ya Amerika Kusini, iko katika kundi hili.

Kundi la pili hutegemea upepo. Maua yake ni madogo, hayana rangi wala harufu ya kuvutia, na wengi wetu hatuyatambui kuwa ni maua. Kwa kuwa upepo hauchagui pa kutua, mimea hii hutoa chavua nyingi mno. Nyasi ndizo zinazoongoza. Ua wa saipresi, ambao ni wa kawaida Karen na Lavington, nao humwaga unga wa manjano ukitikiswa. Mwaka wa 1873, daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe yaliyoonyesha kuwa chavua ya nyasi ndiyo iliyomletea mafua kila majira ya joto.

Kuna pia gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium. Lina majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Huota kando ya barabara, kwenye ploti tupu na mahali pa ujenzi. Linaweza kuleta mafua ya mzio na pia kuwasha ngozi ya anayeligusa.

Kalenda yetu

Nairobi iko karibu na ikweta, hivyo hatuna majira manne kama Ulaya. Hapa mimea hufuata mvua.

*Machi hadi Mei:* Mvua ya masika. Nyasi huchipuka haraka, na jua likiwaka kati ya mvua huanza kutoa maua.

*Mei hadi Julai:* Nyasi zilizokomaa humwaga chavua siku zisizo na mvua. Baridi nayo hutufungia ndani, ambako kuta zenye unyevu huota kuvu na godoro huhifadhi utitiri wa vumbi. Vyote viwili huchochea mzio.

*Agosti hadi Septemba:* Ukavu na vumbi. Ukipiga chafya chini ya jakaranda wakati huu, vumbi na moshi wa magari vinastahili kushukiwa kwanza.

*Oktoba hadi Desemba:* Mvua ya vuli. Nyasi na gugu karoti hurudi.

*Desemba hadi Februari:* Nyasi za vuli hutoa maua, kisha hukauka, na vumbi huchukua nafasi yake.

Kwa hivyo utabiri wa mvua unaweza pia kukuongoza kuhusu mzio. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, yenye makao makuu Dagoretti Corner, ikitangaza mwanzo wa mvua, jua kwamba wiki kadhaa baadaye nyasi zitakuwa na maua.

Mafua au mzio?

Mafua ya kawaida mara nyingi huja na kuumwa koo na mwili, pengine na homa, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Mzio hauleti homa. Dalili zake ni chafya mfululizo, pua kutiririsha maji mepesi, na kuwashwa macho, pua na kaakaa. Hudumu kwa wiki nyingi na hurudi msimu uleule kila mwaka.

Tofauti hii ni muhimu kwa mzazi. Antibiotiki hazitibu mzio. Mtoto anayenunuliwa antibiotiki kila Juni bila kupimwa hapati nafuu, na matumizi hayo yasiyofaa husaidia vijidudu kuwa sugu. Dawa za mzio zipo, lakini baadhi huleta usingizi. Dereva wa matatu na mwendesha bodaboda wamwulize mhudumu wa afya kabla ya kuzitumia.

Pumu si ya kusubiri

Mnamo Novemba 2016, mvua ya radi ilipiga Melbourne, Australia, katikati ya msimu wa nyasi. Unyevu ulipasua punje za chavua kuwa vipande vidogo vinavyoweza kuingia ndani kabisa ya mapafu. Maelfu walikimbilia hospitalini na watu 10 wakafariki. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo watu ambao awali walikuwa na mafua ya mzio tu.

Ukisikia kifua kimebana, pumzi inatoa sauti kama filimbi au kikohozi kinakuamsha usiku, nenda kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Riruta, Kangemi au Westlands. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa yake ya kuvuta, ile inayoitwa inhela, na umkimbize hospitalini bila kuchelewa. Aliyeandikiwa dawa ya kila siku ya kuzuia pumu asiiache kwa sababu tu amepata nafuu.

Tufanye nini?

1. Kata nyasi kabla hazijatoa maua. Zikishachanua, mwenye mzio amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

2. Ng'oa gugu karoti likiwa changa, ukiwa umevaa glavu na nguo ya mikono mirefu.

3. Siku kavu zenye upepo, funga madirisha nyasi za jirani zinapochanua, na usianike matandiko nje.

4. Ukirudi nyumbani, nawa uso na ubadilishe nguo.

5. Usichome takataka wala majani. Moshi huumiza mapafu ambayo tayari yamechokozwa na chavua.

6. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Moshi wake huchochea pumu, na gesi yake huua.

Chavua haijui mpaka wa ploti. Nyasi zilizoachwa kwenye kiwanja kimoja Kileleshwa humfikia mtoto aliye kwenye fleti ya jirani, na gugu karoti la kando ya reli husambaa hadi Kawangware. Mwenye ploti tupu akifyeka mapema, huenda mtoto wa jirani akalala usiku mzima bila kukohoa. Nayo jakaranda iacheni ichanue.