Somo la 17: Pikipiki za Zamani za Uingereza na Watu Wanaozitunza

Ndugu mwanakisomo, pikipiki si kitu kigeni kwako. Imebeba wagonjwa, magunia ya mahindi na hata mbuzi. Pikipiki nyingi za vijijini kwetu siku hizi hutoka Uchina na India. Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi nchi iliyosifika kwa pikipiki ilikuwa Uingereza.

Katika miaka ya 1950, kampuni ya BSA ya mji wa Birmingham ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza pikipiki. BSA ilianzishwa mwaka 1861 ili kutengeneza bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu. Mzee aliyewahi kumiliki baiskeli ya BSA ataikumbuka alama hiyo. Zilikuwapo pia kampuni za Triumph, Norton, Royal Enfield, Vincent na nyingine nyingi.

Viwanda vile vya zamani vya Uingereza vimefungwa. Lakini pikipiki zake bado zinatembea. Wanaoziendesha wengine ni wazee wa miaka 80, na wengine ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa viwanda vilipofungwa. Je, watu hawa walianzaje? Na pikipiki isiyo na kiwanda inapata wapi vipuri? Tusome.

Msichana wa miaka 14

Bibi Beatrice Shilling alizaliwa Uingereza mwaka 1909. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alinunua pikipiki. Hakuinunua ili apendeze barabarani. Alitaka kujua inavyofanya kazi, kwa hiyo aliifungua na kuifunga tena. Baadaye alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Manchester. Wakati ule wanawake waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache sana.

Bibi Shilling alikuwa na pikipiki ya Norton. Aliitengeneza mwenyewe na kuishindanisha katika uwanja wa Brooklands. Mwaka 1934 aliuzunguka uwanja huo kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160. Akapewa nyota ya dhahabu. Watu husimulia kwamba mchumba wake aliambiwa asubiri: hakuna ndoa mpaka naye apate nyota kama hiyo. Aliipata, nao wakaoana mwaka 1938.

Ujuzi huo haukubaki uwanjani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, ndege za kivita za Waingereza zilikuwa na kasoro. Rubani alipoinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilifurika katika kabureta na injini ikazimika. Rubani aliyekuwa akifukuzwa na adui angeweza kufa kwa sababu hiyo. Bibi Shilling alibuni kijipande kidogo chenye tundu katikati, cha kupunguza petroli inayopita. Mwaka 1941 yeye na mafundi wake walizunguka katika viwanja vya ndege kukifunga. Mtu aliyezoea kabureta ya pikipiki hakushindwa na kabureta ya ndege.

Ajali iliyowafundisha madaktari

Mpenzi mwingine wa pikipiki alikuwa Bwana T. E. Lawrence, mwanajeshi aliyejulikana sana kwa vita vya Arabuni vya 1916 hadi 1918. Yeye alipenda pikipiki za Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham. Zilikuwa za gharama kubwa mno. Alimiliki saba, moja baada ya nyingine.

Mwezi Mei mwaka 1935, Bwana Lawrence alikuwa akienda mbio karibu na nyumba yake. Mbele yake walikuwako wavulana wawili wenye baiskeli. Alipojaribu kuwakwepa alianguka, akaumia kichwani. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Siku sita baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 46.

Daktari mmoja aliyeitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo hicho hakikumtoka moyoni. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki, wakiwamo askari waliopeleka barua za jeshi. Mwaka 1941 aliandika kwamba kofia ngumu huokoa maisha. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake kuivaa. Raia walichelewa zaidi. Sheria ya kuwalazimisha wote nchini humo ilianza mwaka 1973, miaka 38 baada ya ajali ile. Huo ni muda mrefu mno kwa jambo lililo wazi. Na kwetu je, ni wangapi wanaoiacha kofia imening'inia kwenye usukani?

Vijana wa mkahawani

Baada ya vita, mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza hakuweza kununua motokaa. Alinunua pikipiki, akaifungia kigari cha pembeni, akampakia mke na watoto. Wazee wengi wanaopenda pikipiki leo walipanda kwa mara ya kwanza wakiwa watoto ndani ya vigari hivyo.

Watoto hao walipokua walitaka mwendo. Jioni walikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara. Uliojulikana zaidi ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Fahari ya kijana ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa kwenye barabara ya kawaida. Wengine walifikia, wengine walizikwa. Triumph ilitoa pikipiki iliyoitwa Bonneville, na wengi waliitamani kuliko kitu chochote.

Kisha motokaa ndogo za bei nafuu zikaja. Vijana wakaoa na kuuza pikipiki zao. Mkahawa wa Ace ulifungwa mwaka 1969. Ulifunguliwa tena mwaka 2001, na miongoni mwa waliorudi kunywa chai walikuwa babu wenye mvi waliokuwa vijana wa zamani.

Viwanda vinafungwa

Mwaka 1969 kampuni ya Honda ya Japani ilileta pikipiki yenye silinda nne. Iliwashwa kwa kubonyeza kitufe. Pikipiki za Uingereza ziliendelea kupigwa kiki, na nyingi zilivuja oili. Wakubwa wa viwanda walikuwa wamedharau Wajapani kwa muda mrefu. Wafanyakazi ndio waliolipa.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph cha Meriden waliambiwa kwamba kiwanda kitafungwa. Walikataa. Walifunga malango na kukaa pale, baridi na mvua. Mwaka 1975 walianzisha ushirika wao na kuendelea kutengeneza Bonneville. Ushirika ulidumu hadi mwaka 1983. Jina la Triumph lilinunuliwa na mtu mwingine aliyejenga kiwanda kipya. Royal Enfield nayo iliendelea India, na inaendelea hadi leo.

Aliyeanza na miaka 42

Mwaka huohuo wa 1973, mwandishi wa habari Ted Simon aliondoka London kwa Triumph. Alikuwa na umri wa miaka 42, na alikuwa amejifunza kuendesha pikipiki muda mfupi tu kabla ya safari. Alishuka Afrika kutoka Tunisia mpaka Afrika Kusini, akipita Sudan, Ethiopia, Kenya na Tanzania. Injini ilimsumbua, akajifunza kuitengeneza njiani. Alisafiri miaka minne na kupita nchi 45, zaidi ya kilomita 100,000. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 69, aliianza safari hiyo upya.

Mzee na kijana

Sasa turudi kwenye lile swali la vipuri. Wenye pikipiki walijiunga katika vyama. Kimoja kilianzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kuokoa pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1931. Wenye pikipiki za Vincent walifanya jambo kubwa zaidi. Kiwanda cha Vincent kiliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955. Wanachama walianzisha kampuni yao wenyewe ya kutengeneza vipuri, na waliwahi kuunganisha pikipiki nzima kwa vipuri vipya vitupu!

Vijana nao wapo. Sheria ya Uingereza humruhusu mwanafunzi wa miaka 17 kuendesha pikipiki isiyozidi ukubwa wa 125. BSA Bantam ya kwanza, ya mwaka 1948, ina ukubwa huo. Bantam ni jina la jogoo mdogo. Injini yake ni nyepesi kufungua, kwa hiyo wengi huanza nayo.

Lakini kijana hawezi kuanza peke yake. Kwanza, spana zake za milimita hazishiki nati za zamani, kwa sababu hizo zilipimwa kwa inchi. Pili, kuna jambo la hatari. Katika pikipiki unazozijua, gia ni mguu wa kushoto na breki ya nyuma ni mguu wa kulia. Katika pikipiki nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya 1975, mambo ni kinyume. Kijana akisahau, atakanyaga gia akidhani ni breki. Mzee husimama karibu naye na kumkumbusha mpaka mguu uzoee. Naye kijana humpigia kiki mzee ambaye goti lake limechoka.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini Bibi Shilling aliweza kuondoa kasoro ya ndege?
2. Daktari Cairns alichunguza nini? Sheria ya kofia ngumu ilianza Uingereza mwaka gani?
3. Wenye pikipiki za Vincent walipataje vipuri?
4. Katika kijiji chenu, ni fundi gani mzee mwenye ujuzi ambao hakuna kijana anayejifunza kwake?