Mchezo na Akili ya Mtoto Mdogo: Kijitabu kwa Kaya za Dodoma

Katika kaya nyingi za nyanda za kati, mtoto anayecheza huhesabiwa kuwa mtoto aliyekosa kazi, na mara nyingi mkubwa akimwona ameinama kwenye vumbi humtafutia ya kufanya. Kijitabu hiki kinaeleza kwa nini inafaa kusita kabla ya kumwinua, hasa akiwa na umri wa chini ya miaka minane, ambao ndio unaolengwa na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa jijini Dodoma mwezi Desemba 2021.

Kinachotokea kichwani

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake huwa na takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na anapofikisha miaka mitano au sita huwa umefikia karibu asilimia 90 ya uzito huo. Pamoja na uzito huongezeka miunganiko ya neva, yaani njia ambazo seli za ubongo hupitishiana taarifa. Njia inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hufifia hadi ikapotea. Mtoto mdogo hazitumii njia hizo kwa kuhubiriwa, huzitumia kwa kushika, kuonja, kuangusha na kufukua, kisha kutazama mtu aliye karibu amefanya nini baada ya hapo. Mtoto wa miezi tisa anayeangusha kikombe cha plastiki tena na tena, huku akimkodolea mama macho kila kinapodondoka, anachunguza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kitu kikiachiwa huanguka, na kwamba mama ataitikia. Hilo la pili ndilo zito zaidi. Wataalamu huliita malezi yenye mwitikio, maana yake mlezi kuiona ishara ya mtoto, kuielewa na kuijibu papo hapo kwa namna inayolingana na umri wake, hata kama jibu lenyewe ni kucheka tu na kukiokota kikombe.

Chakula na uchangamshi

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kidogo kuliko umri wao unavyodai, na udumavu huenda sambamba na kuchelewa kwa akili. Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja na uwele au mtama ukikauka shambani hakuna msimu wa pili wa kufidia, ina sababu ya kufuatilia jambo hili kwa karibu, na somo lenye manufaa zaidi linatoka mbali, Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Huko, kuanzia mwaka 1986, watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa katika makundi: baadhi walipewa maziwa ya kuongeza lishe, baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya waliomwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, baadhi walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote kati ya hivyo. Shughuli hiyo ilidumu miaka miwili. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa takriban robo kile cha wenzao ambao hawakuchezeshwa, ilhali faida ya maziwa peke yake haikudumu.

Matokeo hayo yasisomwe kana kwamba mchezo unaweza kuchukua nafasi ya uji. Mtoto mwenye njaa hulegea, hunyamaza na hukaa alipowekwa, na mlezi akiona hachokozeki huacha kumchokoza, kwa hiyo udhaifu wa mwili humkosesha mtoto mazungumzo ambayo ubongo wake unayahitaji. Anayemlisha mtoto wa namna hiyo anatakiwa amsemeshe zaidi, tena huku bakuli likiwa mkononi.

Vifaa vilivyopo uani

Duka la midoli si la lazima. Gunzi la hindi lililoviringishiwa kipande cha khanga na kubebwa mgongoni linamfundisha mtoto wa miaka miwili jambo gumu kuliko linavyoonekana, nalo ni kukifanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine, uwezo uleule ambao baadaye utamwezesha kukubali kwamba alama iliyoandikwa ubaoni ni sauti. Watoto wachungao ndama kandokando ya lambo hufinyanga ng'ombe wa udongo, huwatofautisha kwa pembe na nundu, huwaingiza zizini na kugombana juu ya aliyepotea, na katika ugomvi huo wanahesabu, wanapanga kwa makundi na wanajifunza kueleza hoja.

Mdako unastahili kutazamwa kwa makini. Mchezaji hurusha kokoto moja juu, na kabla haijashuka hukomba nyingine kutoka kwenye kishimo, kisha huidaka ile ya kwanza na kurudisha shimoni zilizozidi. Macho, vidole na hesabu hufanya kazi pamoja, na anayekosea humpisha mwenzake bila kulia. Uwezo wa kujizuia, kukumbuka kanuni na kusubiri zamu ni sehemu ya kile kinachoitwa uongozi wa akili, nao hukomazwa pia na kombolela, ambapo aliyejificha hulazimika kukaa kimya ingawa mwili wote unataka kukimbia.

Nani acheze naye

Kati ya Desemba na Aprili mama huwa shambani, na mtoto hubaki na dada wa miaka saba au minane ambaye naye ni mtoto. Lawama hazisaidii hapa. Kinachowezekana ni dada huyo kuelekezwa amsemeshe mdogo wake, amtajie majina ya vitu na kumjibu anapogugumia, na wazazi wenyewe watumie nafasi zilizopo: wakati wa kuogesha, kupepeta nafaka au kuchambua mboga. Baba ambaye huona kazi hii si yake anamnyima mtoto sauti ya pili ya kujibizana nayo. Simu haiwezi kushika nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Baadhi ya wazazi wa mjini hufurahia chekechea inayompa mtoto wa miaka mitatu madaftari ya kunakili herufi. Furaha hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa kidole ambacho hakijafinyanga udongo hukamata penseli kwa shida.

Usalama

Karanga nzima, mbegu za ubuyu na betri ndogo hukaba koo, hivyo viwekwe mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Visima vifunikwe, na lambo lisiendewe bila mkubwa. Kuhusu vumbi na nzi, tafiti zilizofanyika Kongwa juu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, zilionyesha manufaa ya kuwanawisha watoto uso. Kibuyu cha maji mlangoni kinafaa kuliko kumfungia mtoto ndani.

Wakati wa kwenda kituoni

Mtoto apelekwe kituo cha afya, pamoja na kadi yake ya kliniki, ikiwa hageukii sauti wala kutabasamu anapochezeshwa akiwa na miezi sita, hatembei kufikia miezi 18, haunganishi maneno mawili afikapo miaka miwili, haigizi lolote katika michezo yake, au ameacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza. Dalili hii ya mwisho isisubiri siku ya kliniki.