Kutumia Picha ya Mwezi Katika Somo la Jiografia

Mwanzoni mwa karne ya 17, Jan van de Velde wa Haarlem, Uholanzi, alichora miezi kumi na miwili kwenye mabamba ya shaba ili ichapwe karatasini. Tutumiapo mojawapo ya picha za kipupwe, yafaa tulifunike kwanza jina la mwezi lililoandikwa kwa Kilatini. Wanafunzi waeleze waonayo: miti mitupu, maji yaliyoganda, watu wakiteleza juu ya barafu. Kisha tulifunue jina: Januari. Wanafunzi wa Dar es Salaam, wanaoujua mwezi huo kwa joto lake, watabisha. Tusiwanyamazishe, tuwape tufe na taa, wautazame mhimili wa dunia ulivyoinama. Tukianza na jina watakariri. Tukianza na macho watauliza, na swali lao ndilo somo lenyewe.