Imani Isiyo ya Kuazima

JUMANNE

Soma Matendo 17:10–12. Watu wa Beroya waliyafanyia nini maneno ya Paulo, na mara ngapi?

Paulo na Sila walifika Beroya baada ya kutoroshwa usiku kutoka Thesalonike. Luka anawasifu wenyeji kwa mambo mawili ambayo wengi hudhani hayapatani: walilipokea neno kwa utayari, kisha wakalichunguza. Paulo hakuchukizwa nao. Wala uchunguzi wao haukuwa rahisi. Magombo yalikuwa ghali, yalitunzwa katika sinagogi, na asiye nayo nyumbani ilimpasa kuacha kazi yake aende mahali yalipo. Walifanya hivyo kila siku.

Bonde la Kilombero lina mfano wake wa kupima jambo zaidi ya mara moja. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia na kujaribiwa kwa watoto wa kijiji cha Idete wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Waliochanjwa waliugua pungufu kwa takriban asilimia 31. Kwa wazazi waliokwisha kuzika watoto, hilo lilikuwa tumaini kubwa. Lakini chanjo ilipojaribiwa kwa watoto wachanga zaidi ya 1,200 katika bonde hilohilo, matokeo yaliyotoka mwaka 1999 yalionyesha faida ya kama asilimia 2 tu. Gambia na Thailand nako haikuonekana kukinga. Ikaachwa. Kila mtu alitamani ifanye kazi, na bado tamaa hiyo haikuruhusiwa kujibu swali.

Kweli ya Mungu, bila shaka, haipimwi kwa asilimia. Soma Yohana 7:17. Hapa Yesu anaonyesha jinsi fundisho lake linavyojulikana: ni kwa mtu aliye tayari kuyatenda mapenzi ya Mungu. Anayechunguza huku ameshaamua kwamba hatatii, hata akisoma Biblia nzima atatoka na kile alichoingia nacho.

Mwanzoni mwa mwaka familia nyingi za bondeni huhamia mashambani na kukaa kwenye vibanda, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori hadi mavuno. Huko hakuna mchungaji wala kwaya, na Sabato hupita bila kengele. Ndipo usiku mtoto anashikwa na degedege. Mama mkwe anasema huo si ugonjwa wa hospitali, akichomwa sindano atakufa, aitwe mganga. Zahanati iko mbali. (Kumwomba Mungu na kumwahisha mtoto zahanati havigombani hata kidogo.) Mama yule, ambaye kwa miaka yote amesema “mchungaji alitufundisha”, atasimamia nini usiku huo? Saa hiyo si ya kuanza kutafuta kama Mungu ana nguvu kuliko mizimu. Ilipaswa kutafutwa mchana, kibatari kikiwa hakihitajiki.

Aliyezaliwa katika nyumba ya Waadventista yumo hatarini kuliko mgeni, maana alifundishwa majibu kabla hajauliza maswali. Anaweza kutaja mafungu kumi kuhusu hali ya wafu, lakini hajawahi kuyafungua akiwa peke yake, akasoma na yanayotangulia na yanayofuata. Mgeni aliyetoka kwenye imani nyingine alilazimika kufanya hivyo, pengine huku ndugu zake wakimnunia. Paulo alipowaandikia Wathesalonike aliwaagiza wajaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:21), na hakuyatoa mafundisho ya wazazi katika hayo “yote”.

Chagua fundisho moja unaloliamini kwa sababu tu mzazi au mchungaji alisema. Je, ungeweza kumweleza jirani wa kibanda cha pili, ukiwa na Biblia peke yake? Utafanya nini ukikuta humo jambo usilolitarajia?