Jinsi ya Kumjibu Askari Barua

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Mimi nimeutia msemo huu katika insha mara nyingi bila kuufikiria. Muhula wa pili ndipo nilipoujua maana yake, na aliyenifunza ni nyanya yangu.

Mwalimu wetu alitupa kazi: kila mmoja amwandikie barua ya kumjibu askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitueleza kwamba vijana wengi wa Afrika Mashariki waliingia katika jeshi la KAR, lililoundwa mwaka wa 1902. Walipigana Ethiopia mwaka wa 1941, wakapelekwa Madagascar mwaka wa 1942, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw huko Burma katika mvua, matope na malaria. Kufikia Desemba ilikuwa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo, na ndicho wengi walichotumia kuandika nyumbani.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja: jioni tunarudi nyumbani. Nilimsomea nyanya barua yangu. Ilianza hivi: "Ewe shujaa, simba wa vita, uliyepigana kufa na kupona..." Nyanya alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

"Mjukuu wangu," akasema, "hii umemwandikia mwalimu. Babangu hujamjibu."

Akaenda chumbani akarudi na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na karatasi iliyochakaa, barua ya babake ya Septemba 1944. Hakutaja alipo, kwa maana maofisa walizisoma barua kabla hazijatumwa. Aliuliza mambo matatu tu. Je, mvua ilinyesha? Ng'ombe mweusi alizaa? Na mtoto, ametembea? Mtoto huyo ni nyanya, aliyezaliwa mwaka wa 1943.

Barua hiyo haikujibiwa. Mamake nyanya hakujua kuandika, na kijana aliyekuwa akiwaandikia watu pale kijijini alikuwa ameenda shule ya mbali. Kila siku ikawa kesho, kesho. Askari aliporudi mwaka wa 1946 alimkuta mtoto anakimbizana na kuku uani. Akaketi chini akalia. Alikuwa ameamini mtoto alikufa, na kwamba watu wa nyumbani walinyamaza kwa kumhurumia.

Basi usiku ule niliichana barua yangu nikaanza upya. Haya ndiyo niliyojifunza:

1. Isome barua yake mara mbili. Andika kando kila swali aliloliuliza.

2. Jibu maswali hayo kwanza, kabla ya sifa na pole. Anayeuliza habari za ng'ombe anataka habari za ng'ombe.

3. Usimweleze vita vilivyo. Yeye ndiye aliyekuwako. Usiseme "najua ulivyoteseka", kwa sababu hujui.

4. Usimuulize aliua watu wangapi. Akitaka kusimulia, atasimulia mwenyewe.

5. Mpe habari ndogo ndogo za nyumbani. Kwako ni za kawaida, lakini kwa aliye mbali ni chakula.

6. Mtajo na hitimisho viwe vya heshima, kama barua yoyote ya kirafiki. Maneno ya jeshi kama kuruta, koplo, sajini, kombania na handaki yatumie pale tu unapoyajua maana.

Nyanya alinitajia majibu kama alivyosimuliwa na mamake, nami nikaandika:

"Kwa Babu mpendwa,

Shikamoo. Tumeupata waraka wako wa Septemba 1944, na utusamehe kwa kuchelewa. Mvua ilinyesha kidogo, lakini tulivuna mtama. Ng'ombe mweusi alizaa ndama jike. Mtoto alitembea kabla ya mavuno. Yu hai. Ndiye anayenitajia maneno haya, na leo umri wake umeupita ule uliokuwa nao ulipotuuliza.

Wako mtiifu,
Kitukuu chako."

Mwalimu aliisahihisha akasema ni fupi mno kwa insha, nikapata kumi na mbili kwa ishirini. Si kitu. Nyanya aliiomba, akaikunja, akaitia ndani ya mkebe juu ya ile ya babake.

Zoezi: Mwulize mzee wa kwenu kama kuna barua ya zamani nyumbani. Ukiipata, taja maswali yaliyomo, kisha uandike jibu lisilozidi maneno mia moja. Na kama leo kuna ndugu yako aliye mbali, awe askari au mfanyakazi tu, usingoje kesho. Mjibu.