Nimeanza kucheka tena, niache dawa?

Shangazi, shikamoo. Nauza vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mwaka jana mtaji ulikata, nikawa naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Mezani nakalia ndoo, vitenge vimekunjwa vilevile tangu asubuhi, mteja akiuliza bei naona uzito hata kumjibu. Hospitali wakasema ni sonona, wakanipa vidonge na kuniunganisha na mshauri. Nimeonana naye mara nane, amesema tumemaliza. Sasa ni mwezi wa nne, nalala, nauza, nacheka. Dada anasema niache dawa kabla sijawa teja. Si nimeshapona?
Mama Vitenge, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Hicho kicheko nimekifurahia kweli.

Dada yako anakupenda, ila kwa hili amekosea. Vidonge vya sonona havikufanyi teja. Havileweshi, wala hutajikuta unavitafuta mitaani. Tena ni vya polepole: huchukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha kazi, na Shirika la Afya Duniani linashauri viendelee miezi 9 hadi 12 tangu mgonjwa apate nafuu. Nafuu yako ni ya kweli, lakini bado changa. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukavurugika, na sonona yenyewe ikarudi. Rudi kwa daktari aliyekuandikia. Siku ya kuacha ikifika atakupunguzia kidogo kidogo. Kama vinakukausha mdomo au kukusinzisha mchana, mwambie, aina nyingine zipo.

Na zile mara nane? Usizidharau. Kule Masaka na Rakai, Uganda, watafiti waliwahi kuwakusanya wanavijiji wenye sonona katika vikundi, wanawake kwao, wanaume kwao. Walikaa saa moja na nusu kila wiki, kwa wiki 16. Aliyewaongoza hakuwa daktari, alikuwa mtu wa huko huko aliyefundishwa. Walizungumza misiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafla, na kila mmoja akisaidiwa na wenzake kutafuta la kufanya wiki inayofuata. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: wengi walipata nafuu kubwa. Watafiti waliporudi miezi sita baada ya vikao kwisha, nafuu ilikuwa bado ipo. Ninachokipenda zaidi ni hiki: kuna vikundi vilivyoendelea kukutana vyenyewe, bila kuitwa na mtu.

Kwa hiyo mshauri amemaliza sehemu yake, wewe usibaki peke yako. Una kikoba? Wapo wanawake pale wanaojua mtaji kukata ni nini. Huna haja ya kuwaeleza wote. Mmoja anatosha kuanzia.

Wazo la kufa likikujia, hata mara moja, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, Amana au Muhimbili, na uende na mtu.

Umeniandikia mwenyewe dalili zako: kuamka saa tisa, na vitenge kutokunjuliwa. Ile ya kwanza utaijua wewe. Ya pili ataiona jirani yako wa meza. Kesho mwambie: "Ukiona imefika saa nne na sijatandaza mzigo, siku mbili mfululizo, njoo uniulize." Halafu kunywa kidonge chako, ukafungue meza.