Karoti za kiangazi: kata majani shambani

Ndugu mkulima, masika yamekwisha na nyumbu wameanza kuonekana upande wa Grumeti. Kwetu Ikoma hiyo ni habari ya soko: wageni wakijaa, wapishi wa kambi na hoteli za jirani hutafuta mboga. Karoti ulizosia Aprili, kama tembo wamekuachia kitu, sasa zimefika kung'olewa. Wengi hupalilia miezi mitatu, kisha wakaharibu mazao ndani ya siku mbili.

Chukua karoti iliyolala sokoni Mugumu siku mbili na majani yake. Jaribu kuivunja. Haikatiki kwa mlio. Inapinda kama tairi la baiskeli. Karoti mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88, na majani yakibaki kichwani huendelea kuyanyonya kana kwamba bado yako shambani. Najua mnunuzi hupenda kuyaona. Basi yaache kwenye zile za kuuza siku hiyohiyo. Nyingine zote zikate majani palepale tutani, ubakize kikonyo kisichozidi upana wa kidole, wala usijeruhi kichwa. Majani wape mbuzi.

Ng'oa asubuhi. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia jioni ya jana yake, la sivyo utabaki na majani mkononi na karoti ardhini. Zile za kuweka usizioshe. Pangusa udongo tu, utenge zilizokatika, zenye jeraha na zenye vidole. Hizo za vidole mara nyingi zimetokana na samadi mbichi ya zizini. Sisi wafugaji samadi tunayo tele, ila haraka ya kuimwaga ndiyo inayotuponza. Msimu ujao iache ioze kwanza.

Nyumba isiyo na friji inatosha kuwa na sanduku na mchanga. Mchanga uwe na unyevu wa kushikamana kiganjani bila kutoa maji. Tandaza tabaka, panga karoti zisigusane, funika, endelea hivyo hadi juu. Weka kivulini penye hewa na unyunyize maji kidogo mchanga unapokauka. Hutafikisha miezi kama kwenye chumba cha baridi kinachokaribia nyuzi 0, lakini hutalazimika kuuza zote kwa bei ya siku moja.

Kuna kosa jingine la usafirishaji. Ndizi za Tarime zikiwa zimeiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na karoti zikikaa nayo huwa chungu. Tenga lako lisipande gari moja na mikungu iliyoiva, wala lisilale nayo stoo.

Zile zilizokatika, ambazo hoteli hazitazipokea, ni za sufuria yako. Rangi yake ya chungwa ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho dhidi ya upofu wa usiku. Karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, kwa hiyo zikaange kidogo kwa samli ya nyumbani, uzile na ugali jioni hiyohiyo.